Wa Pili Haulizwi

Vijana wanaonifuata hapa Utemini kuniuliza mambo ya redio hutaka niwasimulie wakubwa niliowahi kuwanasa sauti. Mimi huanza na soksi. Soksi ya sufu, ya mguu wa mtu mzima, isiyotoboka. Upepo wa Singida hauna adabu. Ukisimama nao uso kwa uso na maikrofoni ikiwa tupu, utakachowasikilizisha watu ni mtu anapuliza moto wa kuni mbichi. Basi niliivalisha maikrofoni soksi, nikaupa upepo mgongo, nikaisogeza mpaka karibu na kidevu cha msemaji. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikaa miaka mingi akijiuliza kwa nini mume wake ana soksi za mguu mmoja mmoja.

Mimi ni Mgogo wa Kintinku. Singida nililetwa na kazi, na kazi ilipokwisha nikawa nimeshazoea upepo, nikabaki. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka mkoa na kinasa sauti, tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru mpaka watu walipokwisha kuhamia kwenye vijiji vya ujamaa. Kinasa sauti cha wakati ule msikifananishe na hizo simu zenu. Kilikuwa na uzito wa mbuzi aliyeshiba, kina magurudumu mawili ya tepu juu, na kilikula mawe ya betri kama mgonjwa aliyepata nafuu. Mawe yakichoka niliyaanika juani juu ya boneti la Landrova, yakapata nguvu ya dakika tano zaidi. Jaribuni siku moja, mtaona sisemi uongo.

Nasikia siku hizi mnabishana kuhusu wachezaji: anayekataa kuongea na waandishi baada ya mchezo atozwe faini, au aachwe apumzishe akili yake? Mjukuu wangu mmoja anaiita afya ya akili, na anaisema kama jambo lililoletwa na ndege juzi. Neno hilo sisi hatukuwa nalo. Tulikuwa na maneno mawili tu ya kumwelezea mtu wa namna hiyo: ana kiburi, au karogwa. Nataka niwasimulie nilivyotumia yote mawili kwa mtu mmoja, na yote mawili yakawa si yenyewe.

Kwanza mjue makosa hayakuwa mageni kwangu. Wakati mmoja nilikwenda Itigi kuituma tepu Dar es Salaam kwa treni, tepu ya hotuba ya mkubwa mmoja. Itigi ni mji wa asali. Nikanunua kopo la asali ya huko nimpelekee rafiki yangu wa studio, na kwa akili zangu nikaviweka vyote kwenye kifurushi kimoja. Hotuba ilifika imeganda, na sisimizi waliisikiliza kabla ya wananchi. Rafiki yangu aliniandikia barua ya mstari mmoja: "Asali nimeipata, mkubwa sijampata."

Aliyeniokoa nisifukuzwe ni Afisa Habari wa mkoa, Bwana Mhando. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, suruali imepigwa pasi mpaka ikawa na makali, na hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtamchukia mbele ya safari. Yeye pia alikuwa katibu wa kamati ya michezo ya mkoa, na ndiye aliyetoa waraka niliotembea nao mfukoni miaka kadhaa: mshindi wa mbio haondoki uwanjani kabla hajasema na wananchi kwa maikrofoni. Ataje jina, kijiji chake, ashukuru, ahimize kilimo. Akikataa, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wanaokwenda kambi ya taifa.

Kambi hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu. Aliyefika kule aliajiriwa, akapewa nguo na kitanda, na kazi yake ikawa kukimbia, mchana kutwa, kama wewe unavyokwenda ofisini. Kwa kijana wa kuchunga ng'ombe, kulipwa kwa ajili ya mbio lilikuwa jambo la kuchekesha na la ajabu kwa pamoja.

Sasa, Ntandu. Huyu alikuwa Mnyaturu wa upande wa Ikungi, mwembamba, mpole, na miguu yake ilipogusa ardhi ungedhani inaiomba radhi. Aliyemgundua ni Mwalimu Elia, Mnyiramba mfupi aliyefundisha shule na kufundisha mbio, na ambaye hakuwahi kuniita kwa jina. "Wewe Mgogo," ndivyo alivyoniita mpaka alipokufa. Siku Ntandu aliposhinda mara ya kwanza maili tatu pale Singida mjini, aliwaacha wenzake karibu nusu mzunguko. Nikamkimbilia na maikrofoni.

"Ndugu mshindi," nikamwambia, "taifa linakusikiliza. Jina lako nani?"

Maikrofoni ilikuwa imeunganishwa na spika za juu ya gari la habari, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia pumzi yake tu: hah, hah, hah. Mtu mmoja akacheka. Nikadhani labda Ntandu hanisikii, nikaongeza sauti ya spika. Hilo ndilo kosa langu, vijana, na mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto masikioni. Pumzi yake ikavuma mpaka barabarani. Watu wakacheka wote, na watoto wakaanza kumwiga: hah, hah, hah.

"Usiogope," nikasema, "sema tu, wananchi wanakungoja."

Macho yake yalikuwa yananitazama lakini hayakuwa na mtu ndani. Akapiga magoti mbele ya meza kuu, akatapika. Na mimi nikaruka nyuma kuiokoa maikrofoni. Si yeye. Maikrofoni.

Kwenye ripoti niliandika kwamba mshindi alionyesha kiburi. Bwana Mhando akamwita Mwalimu Elia, akamwambia kwa upole kabisa kwamba kwa mara hiyo atasamehe, lakini bingwa bubu ana faida gani kwa taifa? Kwa miezi kadhaa, Ntandu alipopita sokoni, watoto walimfuata wakipumua.

Baada ya hapo akawa wa pili. Alikimbia Manyoni, akawa wa pili. Akakimbia Singida, wa pili. Kiomboi, wa pili. Singida tena, wa pili. Na kila mara aliyemtangulia ni yule yule, Saidi wa Manyoni, kijana mnene kidogo kwa mkimbiaji, mwenye mdomo wa sherehe. Saidi alikuwa neema kwa mtu wa kazi yangu. Ulimwuliza jina, akakutajia na la babu yake. Alishukuru chama, akashukuru serikali, akamshukuru aliyepika ugali wa asubuhi, na siku moja mawe yaliponiishia katikati ya maneno yake alinisihi nikayaanike ili amalizie.

Kuhusu Ntandu kila mtu alikuwa na yake. Wengine walisema Saidi kamroga. Mimi nilikuwa mmoja wao, msinicheke. Wengine walisema chakula hakimtoshi, wengine wakasema aoe. Mwalimu Elia hakusema kitu. Alikonda tu, yeye badala ya mkimbiaji.

"Ana miaka ishirini na minne," aliniambia. "Mbio zijazo za mkoa anachukuliwa mmoja kwenda kambini. Asipochukuliwa safari hii, Mgogo, mwakani watataka watoto. Yeye atabaki kuchunga ng'ombe mpaka kaburini."

"Lakini kwani anashindwaje?" nikamwuliza.

"Ningejua ningekuwa nahangaika?"

Hapo udadisi ukaniingia. Mimi tangu utoto nikisikia kitu kinagonga ndani ya debe lazima nilifungue. Na nilikuwa na kitu ambacho Mwalimu Elia hakuwa nacho. Yeye mbio aliziona kwa macho, na macho hufuata anayeongoza. Mimi nilikuwa nazo kwenye tepu.

Ilikuwa desturi yangu kuilaza maikrofoni chini kwenye kipande cha gunia, hatua chache kabla ya mstari wa mwisho, ili msikilizaji wa Mtwara au Bukoba asikie miguu inavyokuja. Mbio zikielekea kwisha nilichuchumaa pale, tayari kuiokota na kumwendea mshindi. Basi alasiri moja ofisini nikavaa vile vidude vya masikioni, nikazisikiliza mbio za mwisho tulizofanya Singida. Kwanza akaja Saidi, anapumua kama mivukuto ya mhunzi. Nyuma yake miguu mingine, myepesi, na pumzi iliyotulia kabisa, pumzi ya mtu anayekwenda kisimani. Miguu ile ikamkaribia Saidi, ikamkaribia zaidi, halafu ghafla hatua zikafupika.

Nikairudisha tepu. Mtu aliyechoka hatua zake huburuza, unazisikia zinakwaruza mchanga. Hizi hazikuburuza. Zilifupika tu, kama za kijana anayetembea nyuma ya mzee njiani na hataki kumpita. Nikachukua tepu ya Kiomboi, nayo ni hivyo hivyo. Nikachukua ya Manyoni. Zote, mahali pale pale, hatua kama kumi kabla ya maikrofoni yangu.

Nikakumbuka na Itigi. Kulikuwa na mbio za Itigi ambazo sikuziwahi, springi ya Landrova ilivunjika katikati ya vichaka vile vya miiba, nikaingia mjini watu wameshatawanyika. Nikamtafuta Mwalimu Elia shuleni kwake.

"Itigi alishinda nani?"

"Ntandu. Alishinda vizuri sana. Kwa nini?"

Nilikaa chini kwenye ngazi za darasa. Nilikuwa nimekwenda pale na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo, na sasa fumbo lilikuwa ni mimi.

Tulikwenda kijijini kwake, mimi na Mwalimu. Kilikuwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, mahame ya zamani bado yanaonekana upande wa pili wa mbuga. Tulimkuta mama yake anapeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa redio?" Aliuliza bila hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Akatuletea vigoda. Tulipomwuliza habari za mwanawe alifikiri kidogo, akasema, "Kabla ya mbio analala vizuri. Baada ya mbio ndipo halali. Siku mbili, tatu. Mimi nilidhani watu hukosa usingizi kabla. Nyie watu wa mjini mnaonaje?"

Tukaelekea mtoni, ambako mto wenyewe ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi, na watu huchimba visima humo. Ntandu alikuwa ndani ya kisima mpaka kifuani, anateka maji kwa kibuyu na kuyamwaga kwenye hori la ng'ombe. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo kaka. Shikamoo Mwalimu." Kisha akanitazama mkononi. "Umekuja nacho?"

"Nimekiacha Singida," nikasema. "Nimekuja na masikio tu."

Akarudi kuteka. Mwalimu Elia alitaka kuanza kumhoji, nikamfinya. Tulikaa pale juu ya mchanga, ng'ombe wanakunywa, na baada ya hori kujaa mara nyingi Ntandu akaanza kusema bila kutugeukia.

"Nikimaliza mbio, mimi sipo bado," alisema. "Mwili umefika, lakini mwenyewe niko nyuma, kule kwenye kona. Halafu wewe unakuja kuuliza. Unamwuliza nani? Moyo unakwenda mbio kuliko nilivyokimbia. Masikio yanaziba. Nasikia watu wanacheka mahali, sijui ni wapi." Akamwaga maji. "Nilijaribu kujizoeza. Nilikuwa najisemesha peke yangu machungani: Naitwa Ntandu, natoka Ikungi. Kwa ng'ombe nasema vizuri kabisa. Lakini nikikuona umechuchumaa pale, maneno yote yananitoka na pumzi inanitoka."

"Ndipo unafunga breki," nikasema.

"Wa pili haulizwi, kaka."

Mwalimu Elia alitoa kitambaa akajifuta uso wote, akakaa nacho machoni muda mrefu. Mimi nilibaki na swali moja, nikaliuliza kwa sababu nilitaka kweli kujua, si kwa ajili ya ripoti. "Huwa inachukua muda gani mpaka ufike?"

Hakuwahi kuulizwa hilo. Aliacha kuteka. "Sijui," alisema. "Pengine mpaka nirudi nyumbani, ninyweshe hawa."

Nilimwendea Bwana Mhando. Nilimweleza yote, na tepu nikamwekea asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua vile vidude vya masikioni.

"Mimi sina ugomvi naye," alisema. "Lakini fikiria mzee wa Iramba aliyejenga uwanja ule kwa kujitolea, na jembe lake mwenyewe. Hana gazeti, hajui kusoma. Ana redio ya kijiji tu. Asiposikia sauti ya kijana huyu, atajuaje kwamba ushindi ni wake na yeye?"

"Ataisikia kesho yake, bwana. Nimfuate nyumbani."

"Mbio za leo zisemwe kesho? Huo ni uporo, Bwana Kinasa." Hilo ndilo jina wakimbiaji walilonipa, na yeye alilitumia akitaka kumaliza maongezi. "Waraka ni waraka. Ukiona huwezi, kinasa kitapata mwingine."

Nilirudi nyumbani na hofu ya kweli. Nilikuwa na watoto wanne, na kazi nyingine niliyoijua ni kulima uwele.

Siku ya mbio niliweka kinasa sauti mezani kwa wakubwa, nikakifungua, nikakaguakagua mbele yao ili waridhike. Halafu nikaondoka taratibu, nikaenda kusimama kona ya kwanza, mbali kabisa na mstari wa mwisho, mikono nimeiweka nyuma. Soksi ilikuwa mfukoni. Ntandu sikumwambia chochote, isipokuwa Mwalimu alimpa habari moja asubuhi: Mgogo hatachuchumaa.

Mizunguko kumi na miwili. Kila alipopita mbele yangu hakunitazama. Wa kumi, Saidi yuko mbele, Ntandu nyuma yake. Wa kumi na moja, hivyo hivyo. Nilijiuliza, je, kama mtu akizoea kuwa wa pili, hata sababu ikiondoka mazoea hubaki? Nilijilaumu, nikaomba Mungu, nikamlaumu na Saidi kwa kukimbia vizuri. Walipoingia kona ya mwisho Ntandu aliinua kichwa akaangalia pale mstarini. Hapakuwa na kitu ila watu wawili wameshika uzi. Hatua zake zikarefuka. Alimpita Saidi kama vile alikuwa na haki ya kupita siku zote, akaukata uzi, wala hakusimama. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye lango ambako Mwalimu Elia alimsubiri na blanketi, na nje ya lango lori la mtama la kwenda Ikungi lilikuwa linanguruma.

Spika zikaita: mnasa sauti aje mbele. Nilikuja, lakini kwa kuzunguka uwanja wote, na njiani kamba ya kiatu ilinifunguka mara mbili.

"Mshindi yuko wapi?" Bwana Mhando aliuliza.

"Bado hajafika, bwana."

"Hajafika wapi? Si amekata uzi mbele ya macho yangu?"

Wakubwa wa meza kuu walikuwa wanatutazama. Alinivuta pembeni, na nilidhani atanifukuza pale pale, lakini alitoa bahasha kwenye koti lake. "Hili ni jina lake kwenda kambini. Kesho basi la Manyoni linapita Ikungi saa nne asubuhi, linawahi treni. Ukipata sauti yake, weka bahasha na tepu kwenye basi. Usipopata, uniletee bahasha niichane nimwandike Saidi. Na kinasa uniletee."

Asubuhi jua lilinikuta nimekaa pale mtoni, kinasa kimefungwa pembeni yangu. Ntandu alikuwa kisimani anateka. Alinisalimia, nikaitikia, basi. Ng'ombe wakaja mafungu mafungu, wakanywa. Mwalimu Elia alikaa, akasimama, akaangalia jua, akakaa. "Mgogo, basi," alininong'oneza. "Basi linakuja." Ulimi uliniwasha, vijana, sijawahi kuona. Kazi yangu yote ilikuwa ni kuuliza. Niliuma soksi.

Ndama wa mwisho alipoinua kichwa, Ntandu alitoka kisimani, akanawa uso, akaja kukaa kwenye mchanga karibu nami. Alikitazama kinasa sauti kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumwuma.

"Washa," akasema.

Alisema jina lake. Alisema kijiji, akamtaja mama yake. Aliwashukuru waliojenga uwanja, hilo sikumfundisha. Kisha akasema, "Nilikuwa wa pili kwa sababu niliogopa kuulizwa. Sikuwa mgonjwa wala sikurogwa. Niliogopa. Na wewe Saidi, kama unanisikia, mara nne nilikuachia. Uniwie radhi." Alipomaliza, nilizima. Mwalimu Elia alikuwa analia wazi wazi, Mnyiramba yule mwenye maneno mengi, na mimi nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Lakini nilimwambia, "Ndugu yangu, ya Saidi ni kweli. Ila akiyasikia redioni, ameyasikia pamoja na nchi nzima. Hukumbuki kucheka kwa watu?"

Alifikiri. "Basi yakate," alisema. "Umpelekee wewe, awe peke yake."

Nikaahidi. Pale kituoni Ikungi, kinasa magotini, niliikata tepu kwa wembe, nikaunga kwa gundi. Kukata tepu kunataka pumzi uishike, wembe uulaze mshazari, la sivyo kiungo kinalia. Hakikulia. Basi likaja, likachukua tepu na bahasha. Ntandu alikwenda kambini, akaajiriwa, akakimbia miaka kadhaa na nchi nyingine zikamwona. Nilimwandikia rafiki yangu wa studio kwamba kijana huyu apewe siku moja kabla ya kuulizwa. Sijui kama walimpa. Najua tu kwamba aliporudi kwao alikuwa analala. Bwana Mhando yeye aliisikia tepu redioni, akaniuliza mbona ng'ombe wanasikika, na kwa msimu mzima akanitoa kwenye michezo nikawa nanasa wataalamu wa mbolea.

Kile kipande cha Saidi nilikiviringisha kwenye karatasi. Nilikuwa nikienda Manyoni mara kwa mara. Nilimwona, tulisalimiana, tulicheka. Sikumpa. Nilijiambia bado nasubiri siku nzuri.

Miaka ilipita mingi. Siku moja nimekaa kituo cha basi Manyoni, nimeshaanza kuota mvi, nikasikia nimeitwa. Ni Saidi, kanenepa kweli kweli, anauza viatu vya mitumba. Tuliulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Halafu alinyamaza, yeye Saidi ambaye kunyamaza hakukujua.

"Bwana Kinasa," alisema, "wewe ulikuwa unasikia kila kitu. Zile mbio nilizomshinda Ntandu. Nilimshinda kweli?"

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Moyo uliniruka, masikio yakaziba, nikaona midomo ya wauza karanga inachezacheza sisikii wanachosema. Mtu niliyewauliza wengine maisha yangu yote, nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Saidi alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu.

"Usiwe na haraka," akasema. "Mimi si redio."

Akaweka chini furushi lake la viatu, akakaa kwenye benchi pembeni yangu, akaliacha basi lake likaondoka, akanisubiri mpaka nilipoweza kumwambia ukweli.